Mwanamke Aliyefunga Mnada wa Mgungani

Nikisikia kijana wa mifugo amepangiwa kituo cha mpakani na anahangaika kutafuta mtu wa kumbadilishia, hutamani nimkalishe hapa kibarazani kwangu Ipagala, nimmiminie chai, nimwambie: mwanangu, tulia kwanza, hujui ulichopewa. Mimi mwenyewe nililia. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, viatu vipya miguuni, na niliposikia naenda Mgungani nilimuuliza karani wa wilaya ni wapi huko. Akaniangalia kwa huruma.

"Dada, wewe panda gari uende mpaka uone mkoa umekwisha. Ukishuka hapo umefika."

Hakunidanganya. Mgungani ni kata ndogo iliyochomoza pembeni mwa mkoa kama ncha ya shati iliyosahaulika nje ya suruali. Upande mmoja inapakana na Mto Msanga, ambao karibu mwaka mzima hauna maji ya kuonekana. Ni mchanga mweupe, mpana, na ukitaka maji unachimba. Ukivuka mchanga huo uko mkoa mwingine, una mkuu wa wilaya mwingine na afisa mifugo mwingine, ila huyo mwenzangu kituo chake kilikuwa mbali mno, hivyo watu wa ng'ambo ng'ombe wao wakiugua walinijia mimi. Upande wetu wengi walikuwa Wagogo, wakulima wa uwele na mtama, kila mwenye uwezo na ng'ombe wake. Ng'ambo waliishi Wabarabaig, wafugaji. Katikati, pale senta, palikuwa na maduka machache ya Waislamu ambao babu zao walifika na misafara ya wachuuzi wa pembe, wakanogewa, wakabaki.

Nimekaa huko mpaka nikastaafu. Nafasi ya kuhama niliipata, nikaikataa kwa mdomo wangu.

Nina wapangaji hapa nyumbani, wanasoma chuo kikuu pale Chimwaga. Juzi mmoja aliniuliza, "Mama, lakini mahali kama pale watu wanaishi kwa kitu gani? Hakuna kiwanda, hakuna madini, mvua yenyewe ya kubahatisha." Nikamwambia wanaishi kwa mpaka. Akacheka, akadhani namtania.

Sikumtania. Upande wetu kuna ardhi ya magadi, na tangu zamani kina mama wa Kigogo walikwangua udongo ule, wakauchuja kwa maji, wakauchemsha mpaka chumvi ikabaki chini ya chungu. Ng'ambo hawana udongo huo, lakini wana samli na ngozi. Basi watu walikutana pale kwenye mchanga, huyu na chumvi yake, yule na kibuyu chake. Misafara ilipoanza kupita ilihitaji maji, na maji yalikuwa ya wenye visima, kwa hiyo wakubwa wa msafara walitoa vitambaa na shanga ndipo watu wao wanywe. Wapagazi waliougua waliachwa hapo, wakauguzwa, wengine wakaoa. Baadaye zikaja karanga, wakaja ng'ombe wa kuuza, serikali nayo ikajenga uzio na kilima cha kupakilia malori. Tukapata mnada. Lakini asili yake ni chumvi, samli na kiu. Watu wawili wenye kitu tofauti walikutana kwenye mstari, na mstari wenyewe ukageuka kuwa soko.

Aliyenifundisha haya hakuwa mwalimu wa historia. Alikuwa Mzee Sakalani, msaidizi wa mifugo aliyenitangulia pale miaka mingi, mtu mwembamba mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua hata kanisani mpaka mchungaji amkazie macho. Siku yangu ya kwanza kwenda naye bomani nilishuka kwenye baiskeli na bomba la sindano mkononi. Akanishika kiwiko.

"Binti, unakwenda kupigana?"

"Hapana, mzee. Nakwenda kuchanja."

"Basi lirudishe hilo kwenye mkoba. Anza na salamu ya Kigogo, mbukwenyi. Halafu uliza mvua, uliza watoto, uliza malisho. Ugonjwa utauulizia mwisho, tena utaambiwa kabla hujauliza."

Nilidhani ni uzee. Nilikuwa na haraka, kasha langu la barafu lilikuwa linayeyuka. Lakini nilijaribu njia yangu boma lililofuata, nikaingia moja kwa moja kwa ng'ombe, na mwenye boma akaniambia kwa heshima kubwa kwamba mifugo yake yote ni mizima, karibu tena mwakani. Sakalani alikuwa nje ya lango, ameishusha ile pama machoni.

Alinifundisha pia kufika alfajiri kabla ya jua kuchomoza, ng'ombe wakiwa bado wamelala. Chuoni wanakufundisha kupima joto. Sawa, pima. Lakini kwanza simama uwasikilize wanapoinuka. Ng'ombe mwenye kifua kibovu hukohoa anapoinuka, au anaposwagwa kidogo, kikohozi kikavu kifupi kama mtu anayeogopa kusikika. Mtazame anavyosimama: amenyoosha shingo mbele, viwiko vya miguu ya mbele amevitanua nje ili mbavu zipate nafasi. Ukiona hivyo, na ukaona mwingine hivyo, usitafute mchawi. Hiyo ni homa ya mapafu ya ng'ombe, na mwanangu, ukisikia jina hilo ukafanye kazi kwanza, chai utakunywa baadaye. Binadamu haimwambukizi. Lakini kundi moja likiileta kwenye visima vya pamoja, kata nzima inabaki na mifupa.

Sasa nimefika kwa mtu ninayetaka mumjue.

Aliitwa Udamasi, mke wa Gidahoda, wa ng'ambo. Mwanamke mrefu, sketi ya ngozi, bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko. Kila siku ya mnada alivuka mchanga na vibuyu vya samli na kukaa karibu na kibanda cha Mama Zainabu, aliyekuwa akipika wali na nyama kwa ajili ya wachuuzi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini hakikuwahi kumshinda. Mumewe alikuwa na kundi ambalo watu walilisimamia kando ya njia kulitazama likipita. Rafiki yao mkubwa upande wetu alikuwa Ndahani, Mgogo mwenye kisima pale mtoni, na hao wawili, Ndahani na Gidahoda, walikuwa wameachiana ng'ombe kwa miaka: wa huyu wanalelewa kwa yule, wa yule kwa huyu. Mnapoambiwa siku hizi kuhusu kugawanya hatari katika biashara, kumbukeni kuna watu waliifanya bila semina.

Siku moja ya mnada, kipindi kile maghala yamekauka na mvua haijakaribia, Udamasi alivuka mchanga bila vibuyu. Tulikuwa langoni, mimi na Sakalani, tunakagua ng'ombe mmoja mmoja wakiingia.

"Shikamoo, mzee," akamwambia Sakalani.

"Marahaba, mama. Samli leo imekwenda wapi?"

"Leo sina samli. Leo nina maneno." Akanigeukia mimi. "Mama Sindano, ng'ombe wetu wanakohoa."

Sakalani aliniwekea mkono begani, kwa sababu nadhani nilitaka kuanza kuuliza maswali ya chuoni. Tukamwachia nafasi aseme. Hakusema; alionyesha. Alinyoosha shingo, akatanua viwiko vyake, akavuta pumzi fupi yenye kukwaruza. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, amesimama mbele ya umati wa mnada akiigiza ng'ombe anayekufa, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

"Mmoja amekufa jana," akasema. "Mwingine leo, kabla sijakamua. Wengine wanasimama hivi."

"Kundi liko wapi?" nikamuuliza.

"Linakuja. Mume wangu analileta. Mtu wa lori amesema atanunua wote, wagonjwa na wazima. Atapakia kule chini kwenye mchanga, ninyi msione."

"Mumeo anajua umekuja huku?"

Alitazama upande wa mto. "Ataniona," akasema.

Fikirini vizuri alichokuwa anafanya. Kundi lile ndilo lililokuwa maisha yao. Mfanyabiashara alikuwa tayari, lori lilikuwa tayari, na kabla ya saa ya chakula wangekuwa wameuza kila kitu na kuondokana na balaa. Ugonjwa ungeondoka na lori kwenda kuua ng'ombe wa watu wengine mbali, na ng'ombe ambao wangekunywa njiani kwenye kisima cha Ndahani wangeacha mbegu yake hapa. Hakuna ambaye angejua ulianzia wapi. Magonjwa ya namna ile hayana saini.

Yule mfanyabiashara akatokea, fimbo kwapani, anatabasamu. Tulimfahamu wote, alikuwa akitokea mjini.

"Afisa, usisumbuke. Huyu mama amegombana na mumewe nyumbani, sasa anamkomoa. Ng'ombe nimewaona mimi, wana vumbi kooni tu."

Nikamtazama Sakalani. Nilitaka yeye aseme. Akarudi nyuma hatua moja, akaishika pama yake.

"Binti, muhuri wa serikali unao wewe. Mimi nitasimama ulipo."

Basi nikapanda juu ya kile kilima cha kupakilia, nikatangaza kwamba mnada umefungwa. Hakuna ng'ombe, mbuzi wala kondoo atakayevuka mto kwenda upande wowote. Waliofika warudi na mifugo yao walikotoka, wapite njia ya juu, wasinywe mtoni.

Hamjawahi kufokewa na mnada mzima, na Mungu awaepushe. Palikuwa na kina mama waliokuja na mbuzi mmoja kwa ajili ya kupata debe la mahindi, nyumbani watoto wanasubiri. Palikuwa na wachuuzi waliosafiri tangu juzi. Mtu mmoja akanirushia boga. Sijui boga alilipata wapi kipindi kile cha njaa, na mpaka leo nafikiri ilikuwa hasara kubwa kwake kuliko kwangu. Wengine wakaanza kumgeukia Udamasi, wakimwita mwanamke wa mkosi.

Aliyewanyamazisha ni Mama Zainabu. Sufuria zake zote zilikuwa motoni, wali wa kulisha mnada mzima, na mnada ndio huo umefungwa. Alikuja na mwiko mkononi, akasimama mbele ya Udamasi.

"Mnamfokea nani? Huyu amekuja kubomoa nyumba yake mwenyewe ili za kwenu zibaki zimesimama. Nani kati yenu angeweza? Wewe? Wewe mwenye kofia?" Akashusha mwiko. "Haya. Wali umeshaiva, na mimi siwezi kuula peke yangu. Anayetaka kula aje ale, halafu aende kwao kama alivyoambiwa na afisa."

Watu wakala. Wengine walilipa, wengine hawakulipa, naye hakumwangalia mtu mkononi. Mababu zake walifika pale wakiwa hoi kwa kiu, na nadhani katika familia yao haikusahaulika namna mgeni anavyotakiwa kupokewa.

Sisi tukashuka mtoni. Gidahoda alikuwa amefika ukingo wa ng'ambo na kundi, vumbi limesimama nyuma yao. Hata kutoka upande wetu niliwasikia wakikohoa, mmoja hapa, mwingine kule. Lori lilikuwa limerudishwa kinyumenyume hadi pembeni mwa mchanga, mlango wake wa nyuma uko wazi.

Akamwona mkewe amesimama kati yangu na Sakalani. Akamwuliza jambo kwa Kibarabaig, neno fupi, na Udamasi akajibu kwa sentensi moja tu, akimtazama usoni. Gidahoda akashusha fimbo yake, akaichomeka kwenye mchanga.

"Mzee," mfanyabiashara akasema, "sisi tulikwisha kubaliana."

"Tulikubaliana nikuuzie ng'ombe," Gidahoda akajibu. "Hatukukubaliana niwauzie rafiki zangu kifo."

Akageuza kundi. Tuliwatazama wakirudi walikotoka, na lori likaondoka tupu. Baadaye sana nilimuuliza Udamasi walisemezana nini pale. Akaniambia mumewe aliuliza, "Umewaambia?" Naye akajibu, "Nimewaambia, kabla Ndahani hajakosa maziwa kama sisi."

Kesho yake tulivuka kwenda kupasua yule aliyekufa karibuni. Ninyi wa taaluma hii mkipata nafasi ya kupasua, msikwepe kwa sababu ya harufu. Hakuna kitabu kinachosema wazi kama mzoga. Kifua kilijaa maji ya rangi ya majani makavu, pafu limenata kwenye mbavu, na nilipolikata lilikuwa na mistari na mabaka mekundu, meupe na ya kijivu, kama sakafu ya marumaru. Tukapeleka kipande mjini, tukaambiwa tulichokwisha kujua. Karantini ikawekwa rasmi, pande zote mbili za mto.

Kazi ya chanjo kwa makundi mazima ndiyo iliyofuata, na hapo nitawapa cha kuchekea kidogo. Chanjo ile tuliichoma kwenye ncha ya mkia, kwa sababu sehemu nyingine uvimbe ungekuwa mkubwa. Hata hivyo mikia mingine huvimba, na mara mojamoja ncha hukauka ikadondoka. Tulieleza hivyo kabla ya kuanza, Sakalani kwa Kigogo na mimi kwa Kiswahili. Habari ikavuma kwamba Mama Sindano anakata mikia ya ng'ombe kisirisiri. Mzee mmoja alinifuata kituoni na ncha ya mkia wa dume lake imefungwa kwenye karatasi ya gazeti, akaiweka mezani kwangu.

"Nirudishie mkia."

Nikamweleza habari ya kinga, mwili unavyopambana na ugonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa utulivu.

"Nimekuelewa, mwanangu. Sasa inzi watafukuzwa na nani?"

Sakalani ndiye aliyeniokoa. Alimwuliza kama lile dume linakula. Linakula. Linapumua vizuri? Linapumua. "Basi anza kulifukuzia inzi wewe," akamwambia, "maana kule ng'ambo mikia wanayo yote, ng'ombe ndio hawana." Mzee akakunja gazeti lake akaondoka, na kesho yake akaleta waliobaki wachanjwe.

Kule ng'ambo hali ilikuwa hivyo kweli. Kundi la Gidahoda liliteketea mbele ya macho yetu, na hao wachache waliopona ilibidi niwaambie jambo gumu kuliko yote: ng'ombe aliyepona anaweza kubaki na ugonjwa ndani ya kifua, anaonekana mnene na mzima, halafu akaua kundi jipya. Hawa wachinjwe. Nilijiandaa kubishiwa. Gidahoda aliwaleta mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimtaja jina kabla hajamwachia. Udamasi hakulia mbele yetu. Alikuwa anafagia boma, boma lisilo na mnyama, analifagia hadi kwenye miiba ya uzio.

Nawaambia tena wapangaji wangu, uchumi wa Mgungani niliuona wakati soko limefungwa kuliko lilipokuwa wazi. Mifugo haikuvuka, lakini karantini haikuwa imezuia nafaka. Ndahani alipakia mtama kwenye baiskeli, akausukuma mpaka katikati ya mchanga, akauweka hapo, akarudi. Udamasi au mtu wa kwake akaja akauchukua, akaacha asali. Siku nyingine akaacha kamba alizosokota. Kina mama wa chumvi, ambao wengi wao walikuwa wameacha kazi hiyo tangu chumvi ya pakiti ilipofika madukani, wakatoa vyungu vya mama zao wakaanza kukwangua udongo, na chumvi ikarudi mtoni kama zamani. Hakuna aliyewaagiza. Nilisimama ukingoni nikawaza kwamba mnada wetu wote, pamoja na uzio wake na kilima chake cha kupakilia, unaweza kuondolewa kesho na watu hawa wakaanza upya kutoka kwenye chungu.

Mvua zikaja, zikapita. Wataalamu wakarudi kupima, makundi yakaonekana safi, na karantini ikaondolewa. Siku mnada ulipofunguliwa watu walivaa kama wanakwenda harusini. Udamasi alikuja na mumewe, wametembea kwa miguu, hawana cha kuuza.

Ndahani akatoka upande wa uzio akiswaga mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji. Nyuma yake akaja yule mzee wa mkia na mtamba wake. Halafu mwingine, na mwingine. Walikuwa wameniuliza mapema, na niliwazuia mpaka Gidahoda ahamishe boma na nyasi zimee pale pa zamani, kwa hiyo jambo hilo nililijua. Udamasi hakulijua. Alipoelewa kinachofanyika alisimama.

"Hapana," akasema. "Siku ile sikuja kuuza maneno. Msinilipe."

Gidahoda alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaona aibu kwa niaba yetu, maana kweli ilionekana kama malipo, na tulikuwa hatujafikiria hivyo.

Ndahani akakaa chini kwenye vumbi, akiwa na shati lake jeupe la Jumapili, jambo ambalo watu wa kwetu hufanya wanapotaka mazungumzo yawe ya kweli.

"Mama," akasema, "wewe umekaa na ng'ombe wangu tangu mimi na mumeo hatujaota mvi. Waliokufa kwenu, wengine walikuwa wangu. Mimi sasa nina ng'ombe wote mahali pamoja, wangu na wenu. Ugonjwa ukija, ukame ukija, nimekwisha. Nani atanilelea? Hawa si malipo. Hawa nakuja kukuomba uwalee. Maziwa ni yako, ndama tutagawana kama siku zote. Na hawa wenzangu nao ndivyo wanavyoomba. Ukikataa utatuacha vibaya."

Udamasi akamkaribia yule mtamba mwekundu, akampapasa shingoni, akainama akasikiliza ubavu wake. Nawaapia, alimwekea sikio. Alisikiliza kila mmoja, wote, na watu wazima na suruali zao safi wakasubiri mstarini kama wagonjwa wa zahanati. Wa mwisho alipokwisha, akamgeukia Sakalani.

"Hawakohoi," akasema.

"Hawakohoi, mama."

"Basi twende," akamwambia mumewe, na wakawavusha.

Sakalani amekwisha kutangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Mama Zainabu amempisha bintiye kwenye biashara, naye ameongeza chipsi. Mnada una mizani ya chuma iliyochomelewa mjini, kule Kizota, ng'ombe wamevaa hereni zenye namba, na dalali anakulipa kwa simu kabla hujamaliza kumwamkia. Alizeti imeingia, senta kuna mashine ya kukamua mafuta inayonguruma tangu asubuhi. Haya yote ni mazuri na mimi ndiye niliyepigania ile mizani. Ila ukipangiwa kule, kijana wangu, ukishamaliza kusoma hereni, tega sikio pia.

Nimalizie na mwaka ule mvua zilipotukatalia upande wetu kabisa. Udamasi alikuwa na kundi zuri tena kwa wakati huo, nusu yake ndama wa wale mitamba. Uwele ulikauka ukiwa haujafika magotini, na Ndahani alikuwa ameanza kuzungumza na wachuuzi auze ng'ombe wake wote waliobaki kabla hawajaanguka. Nilikuwa kwake nikiwatazama ng'ombe, wamedhoofu mbavu zinahesabika. Tukamwona Udamasi anakuja kutoka mtoni, fimbo mkononi, hatembei pole pole kama mgeni.

Hakuketi. Hata maji hakupokea.

"Kwetu kulinyesha kidogo," akasema. "Nyasi zipo, kule nyuma ya vilima. Leteni ng'ombe leo, wasisubiri kesho, huyu na huyu hawatafika kesho."

Ndahani alikuwa na haya, mnamjua Mgogo mbele ya msaada. "Mama, ni wengi. Na majirani zangu nao wana wa kwao. Nikuletee wa nani, niwaache wa nani?"

Udamasi alikwisha kulifungua lango la boma, anawatoa.

"Wetu," akasema.